Aliyepaswa Kusema Kwanza

Vijana wangu mnaotaka kuingia kazi ya itifaki, naanza na hasira kwa sababu ndiyo niliyo nayo, na umri wa kuificha umenipita. Juzi nilialikwa kwenye chuo kimoja hapa Tanga kuzungumza na wanafunzi. Kijana mmoja aliyekaa mbele, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akaniuliza bila hata shikamoo: "Bibi, kwani nani akae wapi kuna umuhimu gani? Si viburi vya wakubwa tu?" Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa mgeni wao. Nilipofika kwangu Ngamiani kile kicheko kilikuwa bado kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sasa namjibu, na ninyi wengine msikilize.

Jina langu ni Mwanaidi. Nimefanya itifaki tangu nikiwa msichana wa kuvaa viatu vya kisigino mpaka magoti yalipokataa. Wakuu wa nchi walipokutana, mimi na wenzangu ndio tuliokuwa tukisema nani ashuke garini kwanza, nani aingie ukumbini kabla ya nani, nani akae mkono wa kulia wa mwenyeji, nani asimame katikati ya picha, na kipaza sauti kianze kwa nani. Ukiipanga vizuri hakuna anayekuona. Ukiikosea, balozi anakupigia simu huku anapumua kwa pua.

Viburi vipo, sikatai. Nimemwona waziri mkuu mmoja akija na mto wake wa kukalia, mnene, ili jirani yake asimzidi urefu. Jirani naye akaona. Siku ya pili akaja na miwili. Tukawa na mkutano wa watu wazima wanaoning'inia vitini, miguu haigusi chini, wanajadili reli. Cheka, nimekuruhusu. Lakini ukimaliza kucheka uniulize wale waliokuwa hawana mto walisikilizwa na nani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shemhina, Mbondei wa Muheza, mfupi, mwenye sauti ya muadhini na subira ya punda. Siku yangu ya kwanza alinichukua kwenye ukumbi mtupu akaniambia: "Kaa." Nikakaa. "Inuka, kaa hapo pengine." Nikakaa. Akanikalisha kwenye kila kiti cha ukumbi ule, na mimi moyoni nasema huyu mzee ana wazimu. Kiti kimoja jua la dirishani lilinipiga machoni. Kingine kiyoyozi kilinidondoshea maji shingoni. Kingine nguzo ilinizuia kumwona mwenyekiti. "Umeona?" akasema. "Mtu akikaa hapo atakuwa na hasira mchana kutwa na hatajua kwa nini. Halafu atakataa kutia sahihi." Tangu siku hiyo sijapanga ukumbi bila kuweka makalio yangu kwenye kila kiti. Ninyi mnapanga kwa tableti, mnavuta vidoti kwa kidole, halafu mnashangaa rais kakaa nyuma ya ua la plastiki.

Lakini kikubwa alichonifundisha ni hiki. Marais wakikusanyika, usitazame ukubwa wa nchi. Usitazame ndege waliyoshuka nayo wala idadi ya walinzi. Uliza swali moja: ameapishwa lini? Aliyeshika madaraka zamani zaidi anatangulia, anayemfuatia anafuata, mpaka yule aliyeapishwa juzi ambaye bado anatafuta msalani ni wapi. Mkuu wa nchi anamtangulia mkuu wa serikali. Aliyetumwa kumwakilisha rais wake anakaa baada ya marais wote, hata kama nchi yake ina dhahabu mpaka kwenye mifereji.

"Kwa nini siku ya kuapishwa?" nilimuuliza.

"Kwa sababu siku hainunuliki," akasema. "Watu wadogo wana vipimo vichache wanavyoweza kulingana na wakubwa. Hiki ni kimoja. Usikichezee."

Nilikichunga kama mboni ya jicho. Na tulikuwa na vituko vyetu. Kuna marais wawili walioapishwa siku moja, nchi mbalimbali. Mzee Shemhina akapiga simu ubalozi wa kwanza kuuliza ilikuwa saa ngapi. Wakasema asubuhi na mapema. Akapiga wa pili. Hao nadhani walikuwa wamekwisha kunong'onezwa, wakasema mapema zaidi, kabla hata ya kifungua kinywa. Wa kwanza wakapiga tena kurekebisha: kwa kweli ilikuwa alfajiri. Mzee akaweka simu chini akasema, "Nikiwaacha hawa, watasema waliapishwa usingizini." Akawapanga kwa alfabeti, wakanyamaza.

Mwingine alikuwa makamu wa rais aliyetumwa na bosi wake. Akang'ang'ania kukaa katikati ya marais. "Nimekuja kwa niaba yake," akasema, "kwa hiyo kiti chake ni changu." Mzee Shemhina akamjibu taratibu, kwa unyenyekevu wote: "Mheshimiwa, bwana harusi akikutuma ukampelekee bibi harusi salamu zake, utaingia na chumbani kwake?" Makamu akacheka mpaka akatoa leso. Akaenda akakaa panapomhusu. Hiyo ndiyo kazi, wanangu. Unamwambia mtu mkubwa hapana, naye anaondoka akikushukuru.

Sasa niache vichekesho, maana hasira yangu haikutoka huko.

Mdogo wangu wa mwisho anaitwa Zuhura. Ameolewa na Seif, Mpemba, mfanyabiashara mdogo, mtu wa karafuu na vitenge. Alikuwa akinunua huku anauza kule, anavuka na mizigo yake na vibali vyake, anarudi na zawadi. Mwaka ule, miezi kabla sijastaafu, nchi moja jirani, kubwa, sitaitaja kwa jina, iligombana na wenzake juu ya vibali vya wafanyabiashara wadogo. Wakubwa walikuwa wakitumiana maneno magazetini, huku askari wa bandari yao wakiwakamata waliokuwa wamelala kwenye nyumba za wageni. Seif akakamatwa. Wakakamatwa pia wanaume wengine wa Tongoni, kijiji cha pwani hapa jirani, na wa nchi nyingine ndogo. Hawakushtakiwa. Hawakupelekwa mbele ya hakimu. Waliwekwa tu. Zuhura alikuwa mjamzito. Nilikuwa nikimwona akipepeta mchele, anapepeta, anapepeta, hakuna tena pumba na bado anapepeta.

Ndipo ukaja mkutano. Wakuu saba wa nchi zinazopakana na bahari hii, na safari hiyo ukaletwa Tanga, hoteli moja Raskazone. Barabara zikafungwa, bajaji zikaambiwa zipite nyuma, miti ikapakwa chokaa mpaka kiunoni kama inakwenda jandoni. Mimi nikapewa jukumu la mpangilio. Nilifurahi kama mtoto, nasema kweli. Nilitaka kustaafu mjini kwetu.

Kati ya wale saba, aliyeshika madaraka zamani kuliko wote alikuwa rais wa nchi ndogo, ndogo kweli, ungeweza kuimaliza kwa baiskeli kabla ya adhuhuri. Mzee mmoja mpole, kanzu nyeupe chini ya koti, sauti ya chini. Nitamwita Mkongwe. Na aliyeapishwa karibuni kabisa alikuwa rais wa ile nchi kubwa iliyowashika akina Seif. Kwa hiyo kwa haki yote, Mkongwe angeingia wa kwanza, angekaa kuumeni kwa mwenyeji, na angesema wa kwanza, maana mkongwe ndiye anayetoa neno la wageni kumjibu mwenyeji, na kipaza sauti huanzia kwenye kiti hicho cha kuumeni. Yule wa nchi kubwa angekuwa wa mwisho.

Ninyi mtasema, sawa, kwanza au mwisho si wote watasema? Ndiyo maana nikakasirika kule chuoni. Sikilizeni. Ufunguzi unatangazwa redioni moja kwa moja, nusu saa, basi. Anayesema kwanza ndiye anayeweka mezani jambo la siku, na kila anayemfuata inabidi alijibu, watu wanasikia. Anayesema mwisho anasema wakati redio imekwisha rudi kwenye taarabu na wakalimani wanavua vile vya masikioni.

Mkongwe alilijua hilo. Aliposhuka uwanja wa ndege waandishi walimzunguka, naye akasema wazi: "Kesho nikipewa neno, nitaanza na wale wafanyabiashara waliofungwa bila kesi. Nitawaomba wenzangu tuwaachie kabla ya kufungua majalada mengine yoyote." Zuhura alisikia. Wanawake wa Tongoni walisikia. Bahati mbaya na wale wa nchi kubwa walisikia.

Jioni ile ile afisa wao wa itifaki akanijia, suti nzuri, marashi yanafika kabla yake. Akaniambia rais wake angependa tutumie alfabeti badala ya ukongwe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndio utaratibu wa kisasa. Nikapiga hesabu haraka kichwani: kwa alfabeti rais wake angekuwa wa kwanza.

"Bwana," nikamwambia, "wiki tatu sasa nchi zote zimekubali ukongwe, na nyinyi mkiwemo. Mnaukataa leo kwa sababu ya kile kilichosemwa uwanja wa ndege?"

Akatabasamu. "Mama, umechoka. Utastaafu lini?"

Akaenda kwa mkurugenzi wangu. Mkurugenzi hakubadili mpangilio, sitamsingizia. Alifanya jingine. Aliniita akaniambia, bila kunitazama usoni: "Bi Mwanaidi, wageni wanakuona mkali. Kesho wewe kaa ndani ya ukumbi. Mlangoni atasimama Denis."

Denis alikuwa afisa mzuri. Mtu mzima, ana mke na watoto, ametoka bara, ameingia idara kwa jasho lake. Nilimpa maelekezo mwenyewe. "Mkongwe kwanza," nikamwambia, "hata mbingu zikidondoka. Nani kwanza?" Akasema, "Mkongwe kwanza, mama." Na alimaanisha.

Hapa niwaeleze jambo la pwani, kwa ambao hamkuzaliwa huku. Kwetu mtu mwenye hadhi akiambiwa atangulie, hatangulii hivi hivi. Lazima akatae. Anasema, "Tangulieni, mimi nafuata." Mwenyeji anamjibu, "Haiwezekani." Anakataa tena: "Hapa hapa pananitosha." Mwenyeji anamshika mkono, "Wallahi huwezi kukaa huku." Hapo ndipo anapopiga bismillahi na kuingia. Kukataa kwake si kukataa, ni kukupa nafasi ya kumtukuza. Tongoni nimeona kwenye maulidi wazee wawili wanazuiana mlangoni, wewe kwanza, hapana wewe, mpaka pilau likapoa na watoto wakalia njaa. Lakini sijapata kuona hata siku moja, hata kwa watu wagomvi, aliyesema "tangulieni" akaachwa nje.

Asubuhi mimi nimo ndani, nimesimama nyuma ya viti, mikono nimefumbata. Nimekwisha kaa kwenye kila kimoja. Kiti cha kuumeni kwa mwenyeji nimekiweka mahali pazuri kuliko vyote, upepo wa bahari unaingia, jua halifiki. Misafara ikaja, ving'ora, milango ya magari. Yaliyotokea mlangoni niliyasikia baadaye kwa Denis mwenyewe na kwa askari wawili waliokuwepo, na wote watatu walisimulia sawasawa.

Wakuu walikuwa wamekusanyika kwenye varanda. Denis akamwendea Mkongwe, akainama, akasema, "Mheshimiwa, karibu utangulie." Na yule mzee, aliyezaliwa na kulelewa kwenye kisiwa chenye adabu zetu hizi hizi, akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema, "Tangulieni, wanangu. Mimi mtu mzima, nitafuata taratibu."

Denis akainama tena. "Ndiyo, Mheshimiwa." Akasogea kando.

Yule wa nchi kubwa mguu mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti.

Mimi nikaona mlango unafunguka na anayeingia siye. Anakuja moja kwa moja, haulizi, hatazami vibao vya majina, na yule afisa wa marashi nyuma yake anakiondoa kibao cha Mkongwe kama anapangusa makombo. Akakaa. Kuumeni kwa mwenyeji.

Nikasogea. Nilikuwa na sketi mpya na viatu vinavyonibana, nakumbuka vitu vya kijinga namna hiyo. Nikainama nikasema, "Mheshimiwa, samahani sana, kiti hiki kina mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayetazama simu isiyoita. Afisa wake ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: "Mama, utamwinua rais?"

Na hapo, wanangu, ndipo alipokuwa amenipata. Kuna kanuni moja kubwa kuliko zote nilizowaambia: mkuu wa nchi akishakaa, hainuliwi. Humwinui mbele ya wenzake na kamera. Ukimwinua umeitukana nchi nzima. Wao waliijua. Walikuwa wakiitafuta. Mkurugenzi akanishika kiwiko akaniminya, akaninong'oneza, "Mwenyewe karuhusu. Mkongwe mwenyewe kasema tangulieni. Usituharibie."

Waliobaki wakaingia wakakaa wanapoona panafaa, maana mpangilio ulikuwa umekwisha vunjika. Wa mwisho akaingia Mkongwe. Kilichobaki ni kiti cha pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Akakisogelea, akakitazama kidogo, akakaa. Hakulalamika. Nilitamani alalamike. Nilitamani apige meza.

Nyumbani kwangu Zuhura na wanawake wa Tongoni walikuwa wamekusanyika sebuleni, redio juu ya kabati, wamenyamaza. Mwenyeji akakaribisha. Halafu wakasubiri ile sauti ya chini ya mzee. Ikatoka sauti nyingine. Mwanamke mmoja, mama wa mmoja wa waliofungwa, akasema, "Zuhura, mbona kaanza huyu? Si huyu ndo kawashika?" Zuhura akaongeza sauti ya redio, akidhani pengine ndio amekusudia kutangaza kuwaachia. Yule akasema juu ya bandari. Akasema juu ya utalii. Akasema juu ya udugu wetu wa kale. Akaimaliza nusu saa yote peke yake. Redio ikapiga taarabu.

Mkongwe alipewa kipaza sauti karibu na chakula cha mchana. Alisema kila alichoahidi. Aliwataja wafungwa, alisema wana watoto, alisema ni aibu. Alisema vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu akisema katika kumbi zile zote. Na kiti cha kuumeni kwa mwenyeji kilikuwa kitupu, maana mwenye kukikalia alikuwa ametoka kupokea simu. Wengine walitikisa vichwa. Tamko la mwisho likaandika kwamba suala hilo litaendelea kuzungumzwa. Ninyi mnaosoma matamko, mkiona maneno hayo, jueni kuna mtu amezikwa humo.

Nilimkuta Mkongwe kwenye ujia wa hoteli, anasubiri gari lake. Sikuwa na ruhusa ya kumsemesha bila kusemeshwa. Nikamsemesha. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ndiye niliyepanga viti, na kwamba shemeji yangu ni mmoja wa wale. Halafu nikamuuliza: "Mzee wangu, kwa nini ulisema tangulieni?"

Akasema, "Ningesemaje, mwanangu? Ndivyo nilivyofunzwa. Nilidhani mtanikatalia."

Nilimkasirikia. Sijawahi kulisema hili mbele za watu lakini leo nalisema: nilimkasirikia yule mzee, Mungu amrehemu, karibu sawa na nilivyowakasirikia wale wengine. Adabu yako ni yako ukiwa kwako. Ukiwa umebeba watu mgongoni huna haki ya kuwa mpole kwa gharama yao. Kiti kile hakikuwa chake akitoe sadaka. Kilikuwa cha Seif.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, maana barabara bado zilikuwa zimefungwa. Wanawake wa Tongoni walikuwa wamekwisha ondoka. Zuhura yuko peke yake, redio bado inaimba. Akaniuliza swali moja tu: "Dada, si ulisema umepanga wewe?"

Nikaizima redio. Mpaka leo hasira ile ninayo hapa, chini ya mbavu.

Kesho yake Denis akaja. Alikuwa amesikia juu ya Seif. Akasimama uani, amevua kofia, macho mekundu. "Mama, nilimkaribisha atangulie. Alisema mwenyewe tangulieni."

"Ukamsisitiza?"

"Kwetu mtu mzima akisema neno, hubishani naye. Ukimrudishia umemvunjia heshima. Nilimtii, mama. Nilimtii kwa heshima."

Nilitaka kumfokea. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, makali kama pilipili ya kusaga. Lakini utamfokea mtu kwa kosa gani? Mzee alitoa heshima ya kwao, Denis akapokea kwa heshima ya kwao, na katikati ya heshima mbili akapita mtu asiye na hata moja. Nikamwambia akae anywe chai. Hakunywa, ikapoa pale pale.

Nilimwendea mkurugenzi. Nikamwambia tuandikie nchi ile rasmi, tuseme utaratibu ulivunjwa, tudai Mkongwe apewe neno redioni, hata kesho. Alikuwa anakunja nyaya za kompyuta yake. Akasema mkutano umekwenda vizuri sana, wageni wameondoka wamefurahi, na watu wa juu wametupongeza. "Bi Mwanaidi," akasema, "umebakiza miezi. Ondoka salama." Nikamwambia mimi nitaondoka salama, Seif ataondoka lini? Akajitia hamnazo. Nilipiga mlango wake mpaka kioo kikalia, na hilo silijutii hata kidogo.

Basi, kijana wa shati la pasi, hayo ndiyo majibu. Ukiingia kazi hii utapewa kozi ya tabasamu na ya kufunga tai. Mimi nakupa haya. Mlangoni simama wewe unayejua, na bosi akikuhamisha, bisha, bisha mpaka wakuchoke. Aliyepewa nafasi ya mbele akisema tangulieni, mshike mkono, umkatalie, mara tatu, mara kumi, umsukume ikibidi, uombe radhi baadaye. Wale wanaotaka kubadili utaratibu usiku wa kuamkia mkutano waulize kwa sauti, mbele za watu, wanamkimbia nani. Na usimwache mtu yeyote aguse kibao cha jina. Akikigusa, kirudishe pale pale kabla hajakaa, kwa sababu akishakaa umekwisha. Wenzako watakuita mkali. Mimi waliniita mkali nikawasikiliza mara moja, nikakubali kwenda kukaa ndani.

Seif aliachiwa. Hakuachiwa na mkutano wala na tamko. Siku moja wale wakubwa walipatana kwa mambo yao mengine, mlango wa gereza ukafunguliwa kama mtu anavyofungua dirisha chumba kikiwa na joto. Mtoto aliyemwacha tumboni, Khadija, alikuwa keshaanza madrasa. Siku aliyorudi tulijaa nyumbani kwa Zuhura, majirani, wanawake wa Tongoni, waume zao waliorudi naye. Tulipika. Zuhura alimtandikia mkeka mpya chumba cha mbele, akamwekea sinia lake la kwanza kabisa, wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, na birika la kunawa pembeni.

Tukamngoja. Haji. Nikaenda uani kumtafuta.

Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya jiko, kila mmoja na kisahani chake, wanasukumana, wanagombania aliyekuja kwanza. Na nyuma yao, nyuma ya yule mdogo kabisa ambaye ni mwanawe, Seif amesimama. Amekonda, kichwa kimenyolewa, macho chini, ameshika sahani ya bati kwa mikono miwili kifuani. Anasogea hatua moja kila mtoto anapopewa, kama wanavyopangwa mstari gerezani.

Zuhura akatoka na mwiko mkononi. "Baba Khadija," akasema, "wafanya nini huku? Chako kiko ndani. Nenda ukale mwanzo."

Seif hakuinua macho.

"Bado," akasema. "Sijafikiwa."